Kocha Tuliyempisha

Nimefua jezi za Chuo cha Solum kwa miaka ishirini na saba, na mfuaji anajua mambo ambayo mkuu wa chuo hayajui. Najua nani alicheza na goti bovu akanyamaza. Najua nani alitokwa na jasho la kweli na nani alijimwagia maji kifuani ili kocha adhani amekimbia. Kwa hiyo mkitaka habari za Loren Tveit msizifuate huko juu kwa wenye tai. Shukeni ngazi, mlango wa kijani, mimi nipo.

Loren alikuja kwetu akiwa na miaka thelathini na mmoja, mrefu kupita kiasi, mtoto wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kaskazini mwa Minnesota. Alikuja kufundisha wasichana mpira wa kikapu. Siku ya kwanza alishuka hapa kabla hata hajaona ofisi yake, akaniuliza jina langu, kisha akaniuliza jina la mashine ya kukaushia, maana ilikuwa inanguruma.

"Mashine haina jina," nikamwambia. "Ardis ni mimi."

"Basi tuiite Mchungaji," akasema. "Ikianza kuhubiri haijui pa kuishia."

Nilicheka mpaka nikakaa kitako juu ya taulo. Tangu siku hiyo ningemsamehe Loren Tveit lolote, na ilibidi nimsamehe mengi, kwa sababu alikuwa mtu wa kuacha vikombe vya kahawa kila mahali, na suruali zake zote zilikuwa fupi.

Alikuwa na mtindo wake wa kucheza, na huo mtindo ndio habari yenyewe. Chuo chetu ni kidogo, hakina ufadhili wa wachezaji. Msichana anakuja kusomea uuguzi au ualimu, na mpira ni wa mapenzi tu. Loren alikuwa nao kumi na watano. Aliwagawa watano watano. Watano wa kwanza wanaingia, wanakimbia kama nyumba inaungua kwa dakika nne, wanatoka wote. Wanaingia watano wengine, hivyo hivyo. Halafu wengine. Hakuna nyota, hakuna wa kupasha benchi moto. Wazazi wa mwaka wa kwanza walikuja juu, wakamwambia binti zao wanaonewa.

"Kwetu hakuna ng'ombe wa benchi," Loren akawajibu. "Wote wanakamuliwa."

Kufika robo ya tatu, timu ya wageni ilikuwa imeshika viuno na inatafuta hewa. Vijana wetu wanaingia wabichi, wanawapita tu. Na mimi huku chini nilipokea jezi kumi na tano zilizolowa chapachapa. Wenzangu wa vyuo vingine waliniambia wao hupata saba zilizolowa na nane zinazonuka kabati. Nilijivunia jasho lile kama vile limetoka mwilini mwangu.

Alikaa hivyo miaka kumi na minane. Alimwoa Karna, mwalimu wa muziki wa shule ya msingi, wakanunua nyumba nyuma ya kanisa. Jumapili baada ya ibada timu nzima ilikuwa sebuleni kwao na soksi miguuni, wanakula supu. Kama msichana hakuonekana mazoezini, Loren hakupiga simu. Aliwasha gari, akaenda kuketi jikoni kwa mama yake mpaka ijulikane kuna nini. Nimeona makocha wengi waliomzidi werevu. Sijaona aliyeenea mahali pake kama yeye alivyoenea hapa.

Mwaka wa kumi na saba tulifika nusu fainali ya vyuo vidogo vya nchi nzima. Mwaka uliofuata tukafika tena. Ndipo simu ikalia.

Alishuka ngazi asubuhi, akasimama mlangoni.

"Wamenipigia, Ardis."

"Kina nani?"

Akataja chuo kikuu kimoja cha kusini. Silitaji jina, ila kofia zake zinavaliwa mpaka na watu ambao hawakumaliza shule.

"Wewe hasa, au wamekosea namba?"

"Nami niliwauliza hivyo hivyo."

Tukacheka. Halafu hakuondoka. Akachukua taulo kwenye kapu, akalikunja, vibaya kama anavyokunja siku zote. Akachukua la pili.

"Karna anasemaje?" nikamuuliza.

"Anasema niamue mwenyewe."

"Na wewe?"

"Ni nafasi kubwa."

"Kubwa, ndiyo. Ungekuwa mjinga kuikataa."

Akakunja mataulo saba. Nilimwona, nilihesabu, na bado sikufungua mdomo. Nilitaka kumshika mkono wa sweta nimwambie asithubutu. Moyo uliniuma mpaka nikausikia kwenye meno. Lakini nilisema hivi: "Kule joto. Hutahitaji tena buti." Naye akasema ni kweli, akapanda ngazi.

Sisi ndivyo tulivyo. Mtu akiwa na safari unampisha. Kumwambia asiende ni kumtia mzigo wako mgongoni, ni kukosa adabu, ni kujiona wewe ni nani hasa hata yeye akae kwa ajili yako. Mwanangu Orrin alipohamia Seattle nilisimama naye uani nikamkumbusha aangalie upepo wa matairi. Hayo ndiyo maombolezo yetu. Akina mama wa mahali pengine wanaangua kilio na kushika mlango wa gari, nimewaona kwenye televisheni, na nilikuwa nikiwahurumia kwa kutojua kujizuia.

Basi mji mzima ukaanza kushindana kumpisha Loren. Mkuu wa chuo, Daktari Ehlers, akamwita akamwambia, "Hatutakuwekea kikwazo chochote." Alijivunia sentensi hiyo wiki nzima. Verna wa mkahawani akamwambia, "Unastahili, Kocha, nenda ukatuwakilishe." Mchungaji wa kanisani akaombea safari kabla mwenyewe hajasema kama anasafiri. Kila alikogeuka alikuta njia imefagiliwa, mlango uko wazi, na mtu anatabasamu pembeni yake.

Tukamfanyia karamu kwenye ukumbi wa chini wa kanisa. Sinia za nyama ya kusaga na viazi, lefse, zile chapati zetu za viazi, pai za aina sita. Tukachanga tukamnunulia zawadi. Mnajua tulimnunulia nini? Sanduku la safari. La magurudumu, rangi ya bluu ya chuo. Kamati nzima ya watu wazima tisa ilikaa ikaona sanduku ni wazo zuri, na mimi nilikuwa mjumbe.

Loren alisimama atoe shukrani. Alitutazama meza moja baada ya nyingine, taratibu, kama mtu aliyeambiwa kuna ndugu yake humu ndani lakini hajui sura yake. Nikadhani anapigana na machozi. Tukainamisha macho kwenye sahani zetu, kumsitiri.

"Haya," akasema mwishowe. "Asanteni kwa chakula."

Akaketi. Kiti chake tukampa Britta Sandvold, msaidizi wake, ambaye zamani alikuwa mchezaji wake. Loren mwenyewe ndiye aliyetuomba tumpe.

Niliwatembelea huko kusini msimu wa pili. Karna alinipokea uwanja wa ndege, amekonda, nywele amezikata. Alikuwa hajapata shule ya kufundisha. "Tangu tuje hatujaalikwa nyumbani kwa mtu," akaniambia kwenye gari, na akasema kwa sauti ya kawaida tu, kama anayetaja hali ya hewa. Nikasifia miti.

Loren alinichukua kunionyesha ukumbi wao, viti elfu kumi na mbili, lakini hakuanza na ukumbi. Alinipeleka moja kwa moja chumba cha kufulia.

"Nilijua utataka kuanzia hapa," akasema.

Jamani, watu tisa wa kufua! Mashine zinazojipimia sabuni zenyewe! Sitadanganya, wivu ulinishika. Lakini tulipokuwa tunatembea kwenye korido niliona jambo. Tulipishana na watu labda thelathini, wote wamevaa nembo ya chuo, na hakuna aliyemwuliza hali. Walimpisha tu, wanatazama simu. Na yeye alimsalimia kila mmoja, mpaka nikaona aibu kwa niaba yake.

Jioni ile walicheza. Alikuwa na binti mmoja, Jazlyn Poole, fundi, akiruka utadhani sakafu imemsukuma. Mwaka wa kwanza Loren alijaribu kumchezesha kwa mtindo wetu: dakika nne, toka. Alinisimulia mwenyewe. Watu elfu kumi na mbili walizomea. Baba yake Jazlyn alikuwa ofisini kwa mkurugenzi wa michezo kabla mchezo haujaisha, na asubuhi Loren akaitwa.

"Lakini hawana makosa, Ardis," akaniambia. "Baba yake amehama mji, ameacha kazi, amfuate mtoto. Mtoto ameahidiwa atacheza. Ameahidiwa kabla mimi sijafika. Sasa mimi nani nimkalishe?"

"Wewe kocha."

"Hapa kocha ni watu wengi."

Basi akaachana na watano watano. Siku niliyokuwepo walicheza saba, nane wakakaa. Baada ya mchezo nilichungulia makapu huko chini. Jezi saba zimelowa, nane kavu. Nilizishika zile kavu moja moja. Nilirudi hotelini nikalia, peke yangu, bomba likiwa wazi ili chumba cha pili wasisikie.

Hata ushindi haukuja. Aliuacha mtindo wake, na mtindo wa wenzake hakuwa nao. Alikuwa anakisia tu, na wachezaji wanajua kocha anapokisia. Sisi tulimtazama kwa Verna kwenye televisheni, tunamwona ukingoni mwa uwanja na suti nzuri, suruali urefu sawasawa sasa, anageuka kutazama benchi la wale nane. Mwaka wa nne, mwezi Machi, walimfukuza. Alipigiwa simu akiwa kwenye foleni ya ukaguzi wa uwanja wa ndege, amevua viatu.

Mkahawani watu wakasema, "Masikini Loren." Halafu, baada ya kahawa ya pili, mmoja akasema, "Lakini si alitaka makubwa mwenyewe." Nikakiweka kikombe mezani kwa kishindo, kikavunjika kishikio. Verna akaniuliza nina nini. Nikamwambia kikombe chake ni kibovu.

Mwezi Aprili akaja. Theluji ilikuwa imebaki kwenye mitaro tu. Nyumba yao nyuma ya kanisa ilikuwa imeuzwa siku nyingi. Walifikia kwa kaka yake, kuchukua vitu walivyovihifadhi ghalani. Nilisikia ngazi, nikajua ni yeye kabla sijamwona, maana hakuna mwingine anayeshuka mbili mbili hapa. Akabisha hodi. Mlango ulikuwa wazi, na kwa miaka kumi na minane hakuwahi kubisha.

"Ingia, unaleta baridi."

Akaingia. Amezeeka. Tukapiga stori za hapa na pale, nani kazaa, nani kazikwa. Akaniambia amepata kazi Oklahoma, msaidizi wa pili wa kocha, kwenye chuo ambacho hata yeye ilibidi akitafute kwenye ramani. Ameshasaini. Wanaondoka Alhamisi.

"Nilikaa juu kabisa ya majukwaa nikatazama mazoezi ya Britta," akasema. "Anawabadilisha kila dakika tatu na nusu."

"Najua. Nilimwambia Kocha alikuwa anatumia nne."

"Tatu na nusu ni bora. Miaka yote ile sikuwahi kuona." Akatabasamu, na ilikuwa furaha kamili, hapakuwa na kinyongo ndani yake. "Usihofu, Ardis. Sikuja kudai kiti. Binti yule ameenea."

"Nani kasema nahofu?"

"Umekunja taulo hilo mara tatu."

Nikaliacha taulo. Akavuta ndoo ya sabuni akaikalia, magoti juu karibu na masikio.

"Nikuulize kitu?" akasema. "Unakumbuka ile karamu kanisani?"

"Nakumbuka."

"Karatasi yao ya mkataba ilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti. Sijaitia saini."

"Acha wee."

"Karna anajua. Nilimwambia tunakwenda pale, tutakula, na mtu mmoja akisema 'Loren, usiende,' mmoja tu, hata mtoto, naichana karatasi hapo hapo na tunarudi kulala. Nikasimama. Nikawatazama meza baada ya meza. Mkainama wote."

Nilisikia damu inanipanda usoni, na kwanza ilikuwa hasira, lazima niseme kweli.

"Na wewe mbona hukusema? Mdomo ulikuwa nao! Ulisimama pale mtu mzima, ukashukuru kwa viazi!"

"Ningesemaje? Nimeshakuja kwako, nimekunja mataulo saba. Ukaniambia nitakuwa mjinga nikikataa."

"Nilikuwa nakuheshimu!"

"Najua sasa."

"Tulikuwa tunakupisha, Loren. Tulidhani unataka kupita. Watu walikwenda nyumbani wakalia. Daktari Ehlers hakuja kazini siku mbili, alisema mafua!"

"Na mimi nilidhani mmechoka nami," akasema. "Miaka kumi na minane ni mingi. Nikasema labda wanataka kocha mwenye suruali ndefu."

Hakuna aliyecheka. Mashine ya kufulia ilikuwa inazungusha, na sisi tukaitazama kama kuna la kuona. Nilikuwa namfikiria akisaini ile karatasi, pengine asubuhi yake, pengine mezani jikoni na Karna yuko upande wa pili. Kwa neno moja. Neno ambalo lilikuwa limenikaa mdomoni mzimamzima, na nikalimeza kwa ajili ya adabu.

Miaka sitini na sita nimeishi, na sikuwahi kumwambia mtu kitu kile, si mume wangu alipokuwa anakufa, si mwanangu. Ulimi ulikuwa mzito kama wa mlevi.

"Usiende," nikasema.

Akainua kichwa. "Nini?"

"Oklahoma. Usiende."

"Ardis. Nimeshasaini. Na hapa hakuna kazi."

"Najua hakuna kazi. Najua umesaini. Sina cha kukupa, hata ukibaki utabaki kukunja mataulo vibaya. Usiende, Loren. Nakutaka hapa."

Alijishika uso kwa mikono yote miwili. Mabega yake yakaanza kutikisika, na safari hii sikuinamisha macho wala sikuangalia mashine. Nilimtazama. Nikampa taulo, akajifuta, akavuta pumzi.

"Umechelewa miaka minne," akasema.

"Nimechelewa."

Wasichana wa Britta walikuwa wanashuka ngazi na makapu yao, wanapiga kelele, wakatuona, wakasimama pale pale. Loren hakuwajali. Alikuwa ananitazama mimi tu, macho mekundu.

"Sema tena," akasema. "Hata hivyo."

Nikasema tena, kwa sauti, mbele yao wote. Alhamisi akaondoka.